Diski ni Yako, Akaunti ni ya Wenyewe

Diski ya gemu unayoinunua madukani Mlandege, Unguja, ni mali. Ukiichoka unaiuza au unamwazima jirani. Gemu unayoishusha kutoka duka la mtandaoni ni ruhusa ya kuchezea tu, iliyofungwa kwenye akaunti. Akaunti ikifungiwa, ruhusa nayo imekwenda. California ina sheria, inayotumika tangu 2025, inayoyalazimisha maduka kulisema hilo wazi kabla mtu hajalipa.

Na diski isikutie kiburi. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, iliuzwa kwa diski, lakini ilitaka seva, yaani kompyuta za kampuni mtandaoni, hata ukicheza peke yako. Seva zilipozimwa Machi 2024, diski ikabaki kioo cha kujitazamia. Soma nyuma ya kasha kama intaneti ni lazima.

Penye hasara kubwa ni PS ya mtumba, yaani mashine ya gemu ya PlayStation. Kampuni hufungia akaunti, na mara nyengine mashine yenyewe. Mashine iliyofungiwa haitibiki kwa kufuta kila kitu na kuanza upya, wala kwa kubadilisha akaunti. Kwa hivyo ukiwa sokoni Darajani usiridhike kwa kuwa inawaka na pedi zinaitika. Washa hotspot ya simu yako, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, fungua gemu moja ya bure ya mtandaoni. Mashine ikikataa, na akaunti hiyo hiyo inafunguka kwenye simu, iache pale pale mezani. Au ilipie bei ya mashine ya diski tu, isiyoingia mtandaoni.

Akaunti iliyokwisha jazwa gemu, inayouzwa kwa bei ya chee, usiiguse. Aliyeifungua mwanzo, mwenye barua pepe na risiti, anaweza kuirejesha kwake hata baada ya miezi. Kampuni haitakusikiliza, maana masharti yake yanakataza kuuziana akaunti.

Nchi ya akaunti ya PlayStation haibadiliki ukishaichagua, na vocha ya kununulia gemu lazima iwe ya nchi hiyo hiyo. Vocha ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza.

Kurejeshewa pesa kupo. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutoa siku 14, mradi muda uliocheza haujafika saa 2. PlayStation nao siku 14, lakini ukianza kuishusha gemu, haki hiyo kwa kawaida imekwisha; basi zima upakuaji wa kujiendesha kabla hujalipa. Na ukizozana nao juu ya malipo, usikimbilie benki. Pesa ikivutwa kupitia benki, akaunti nzima inaweza kufungiwa, pamoja na gemu ulizolipia zamani bila ya ugomvi wowote.