Springi ngumu sio springi nzuri

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina pikipiki ya kichina ya 150, napiga bodaboda Lushoto, kupanda na kushuka Soni na Mombo kila siku, abiria na magunia ya kabeji. Tatizo ni kwamba nikiwa kwenye mlima gia ya pili nikifungua mafuta mpaka mwisho inafika mahali inaanza kupiga kwikwi na nguvu inaisha, nikipunguza mafuta kidogo inarudi kawaida. Fundi wangu kafungua hedi, kile kichwa cha juu cha injini, akasema springi za valvu zimechoka. Dukani nimekuta aina tatu zinafanana kabisa kwa macho, muuzaji anasema nichukue zile nene za injini ya 200 ndio ngumu hazichoki, fundi yeye anasema tusinunue tuweke washa chini ya zile za zamani. Nimfuate nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimfuate hata mmoja kwanza, ngoja nikuelezee.

Valvu ni mlango mdogo wa kuingiza mafuta na hewa au kutoa moshi, na kazi ya springi ni kuirudisha kwenye siti yake, pale inapokaa ikifunga, haraka kabla pistoni haijapanda. Injini ikiwa inazunguka mara 8000 kwa dakika kila valvu inafunguka mara 4000 kwa dakika hiyo hiyo, yaani zaidi ya mara 66 kwa sekunde moja, sasa springi ikilegea valvu inachelewa kufunga, moto unavuja na ndio hiyo kwikwi unayoisikia. Dalili yako inafanana na springi kweli lakini kaburata ikikosa mafuta ya kutosha nayo inaleta kitu kama hicho hicho. Ungekuwa hujafungua ningekwambia uifungue mafuta kidogo kidogo ukiwa umesimama bila gia, ikipiga kwikwi pale pale kwenye mzunguko ule ule hata bila mzigo shuku springi, ila ikiwa ni mpaka uwe mlimani muda mrefu ndio inaanza, angalia mpira wa mafuta, koki na kaburata. Hedi ishafunguliwa basi zipime springi zenyewe.

Chukua vania, kile kipimo cha milimita cha kubana, upime urefu wa kila springi ikiwa imelala bure haijakandamizwa, ulinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo. Alafu isimamishe kwenye kioo pembeni ya kitu kilichonyooka kama skwea ya fundi seremala uizungushe taratibu, ikiinama haifai hata kama urefu uko sawa. Angalia pia kutu, maana kale kashimo kadogo ka kutu ndipo inapokatikia. Kuna pikipiki niliifungua ilikuwa na mlio tu wa tiki tiki, mwenyewe alikuwa anakaza tapeti, ile nafasi ya valvu, kila wiki akidhani ndio shida, kumbe springi ya ndani imekatika vipande viwili na zile ncha zimeshasuguana mpaka zinang'aa kama sarafu mpya, iliyokuwa imeishikilia valvu isidondoke kwenye pistoni ni ile ya nje peke yake.

Sasa kuhusu zile nene. Waya wa springi ukiongezeka unene kidogo tu ugumu unapanda sana, waya wa milimita 3 ukiufanya 3.3, mizunguko na upana vikabaki vile vile, springi inakuwa ngumu karibu mara moja na nusu, na kwa macho dukani hutaona tofauti yoyote! Ugumu huo wote unakula kemu, roka na pushirodi, vile vyuma vinavyoisukuma valvu ifunguke, valvu inagonga siti kwa nguvu, na wewe hupati hata tone la nguvu ya ziada kwa sababu injini yako haizunguki kwa kasi ya mashindano. Ubaya zaidi waya ukiwa mnene mizunguko inaweza kugusana valvu ikifunguka mpaka mwisho, hapo springi inageuka chuma kizima na kitu kitapinda tu. Washa ni hatari hiyo hiyo, unaibana springi iliyochoka, nafasi ya kujikunja inapungua, na chuma chenyewe kinabaki kimechoka vile vile. Wapo na wanaozivuta kwa mkono ziwe ndefu, zinarudi baada ya siku chache. Hiyo usikubali kabisa.

Cha kufanya soma namba ya injini, mara nyingi iko chini upande wa kushoto. Ukikuta 162FMJ maana yake silinda moja, upana wa silinda milimita 62, inapozwa na hewa, kundi la 150. 156FMI ni kundi la 125. Lakini namba peke yake haitoshi maana 162FMJ zipo za pushirodi, zile zilizotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, na zipo zenye kemu juu kwenye hedi na cheni ya taimingi, na hedi zake ni tofauti. Kwa hiyo nenda dukani na springi ya zamani, kofia yake na vile vipini viwili vinavyobana shina la valvu. Pima unene wa waya, upana wa ndani, hesabu mizunguko. Urefu mpya ukizidi wa zamani kidogo ni kawaida, unene wa waya ukizidi rudisha.

Nunua seti nzima, za kuingiza na za ekzosi, usichanganye mpya na kuukuu. Wakati wa kufunga kama mizunguko imebanana upande mmoja, upande huo unakaa chini kwenye hedi. Na badilisha sili za valvu hapo hapo maana kufungua tena ni gharama mara mbili. Kabla hedi haijarudi mimina petroli kidogo kwenye tundu la kuingizia na la ekzosi, ukiona inachuruzika kwenye valvu basi springi mpya hazitakusaidia, zisagwe valvu kwanza.

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi nina pikipiki moja nimempa kijana. Nitajuaje dukani kama springi ni nzuri au feki, mimi sio fundi?

JIBU: Nzuri dada. Omba mbili za aina moja, zisimamishe pamoja mezani, zikipishana urefu ziache. Kisha mwambie fundi aweke springi mpya na ya zamani kwenye jiliwa, moja nyuma ya nyingine na washa bapa katikati, akaze taratibu. Ya zamani ndiyo inatakiwa ijikunje zaidi. Mpya ikijikunja kuliko ile iliyochoka rudi dukani siku hiyo hiyo, na avae miwani wakati wa kukaza maana ikichomoka inaruka na macho hayana spea.