Cedar Point: usitegemee noti

Ndugu, umeuliza kama dola taslimu zitatosha ukiwapeleka watoto Cedar Point, bustani ya michezo na burudani kule Ohio, Marekani. Hapana, hazipokelewi. Maegesho, chakula, zawadi, vyote unalipa kwa kadi au simu. Ukijikuta na noti tu usikate tamaa: kuna mashine pale ndani, unaingiza noti inakutolea kadi yenye thamani hiyo, na kadi yenyewe unaweza kuitumia hata nje ya bustani. Si bustani zote ziko hivyo: Walt Disney World ya Florida bado wanapokea taslimu.

Ila tafadhali, kama kadi yako ni ya benki ya nyumbani, uliza kwanza makato ya kubadilisha fedha. Mimi niliyakuta kwenye taarifa ya benki mwisho wa mwezi, kila soda na makato yake, na yaliniuma sana.