Muulize Mwalimu: Viwanja vya vita kwa juma moja

SWALI: Yambo Papa Mwalimu. Kijana wetu anaishi Liège, Ubelgiji. Mwezi wa saba atatupokea, mimi na mama yangu, na anataka kutuzungusha kwa gari: Waterloo, Ypres, Verdun, hadi fukwe za Normandie, kwa juma moja. Mama magoti yanamsumbua. Tena analalamika: kwa nini tumalize makuta kwa makaburi ya wazungu, wakati baba yake alipigana Saio, kule Ethiopia, na hakuna anayemkumbuka? *Baba K., Katuba, Lubumbashi*

JIBU: Yambo Baba K. Mwambie kijana aikunje kwanza hiyo ramani. Liège hadi Normandie ni zaidi ya kilomita 500, kwenda tu bila kurudi. Mtamaliza juma mkitazama matako ya malori. Waterloo nayo, sanamu ya simba wake imewekwa juu ya ngazi 226. Kwa magoti ya mama, hapana.

Mimi ningeshuka kusini: Bastogne, Verdun, Reims, basi. Siku ya kwanza pumzikeni, kisha mwende Loncin, pembeni ya Liège. Tarehe 15 Agosti 1914 kombora la mzinga wa Kijerumani wa milimita 420 liliingia ghala la baruti la ngome ile. Zege lake halikuwa na nondo, likapasuka vipandevipande, na askari wengi wa Kibelgiji wangali chini yake mpaka leo. Bastogne asubuhi moja inatosha: katika msitu wa Bois Jacques mashimo waliyojichimbia Wamarekani majira ya baridi ya 1944 bado yanaonekana.

Verdun msikimbie. Laleni huko. Vita vyake, vya Wafaransa na Wajerumani, vilianza Februari 1916, vikaisha Desemba. Pale Douaumont, kwenye jumba la mifupa, watu wengi huingia mlango wa mbele na kutoka. Ninyi zungukeni ukuta kwa nje, muiname kwenye vidirisha vya chini. Mifupa imerundikana humo, ya Wafaransa na ya Wajerumani, watu wasiopungua 130,000 ambao hakuna aliyeweza kuwatambua. Halafu Fleury, kijiji kilichofutika. Nyumba hata moja haikubaki. Ni miti na ardhi yenye mabonde, na vibao vinakwambia hapa alikaa mwoka mikate, hapa mkulima. Msitoke njiani hata kidogo, makombora mazima bado yamo ardhini.

Sasa mama. Malalamiko yake ni ya haki, na sitamwambia eti anyamaze. Lakini ajue kwamba Wafaransa walipoirudisha mikononi mwao ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba 1916, askari Wasenegali na Wasomali walikuwemo. Mbele ya jumba la mifupa kuna makaburi ya Waislamu, yameelekezwa Makka. Pale Reims kulijengwa mnara wa askari weusi mwaka 1924. Wajerumani wakaubomoa 1940, na leo umesimamishwa tena katika Parc de Champagne. Kuhusu baba yake: siku ya kurudi mpitie Schaerbeek, Bruxelles, square Riga, kwenye mnara wa askari wa kampeni za Afrika. Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji, ndiyo iliyompokea jenerali Gazzera wa Italia alipojisalimisha huko Saio Julai 1941, na mjukuu anapaswa kuambiwa hilo na bibi yake, si na mimi. Kama mna picha ya mzee, ibebeni.

Mambo ya njia: viza ya Schengen ni moja, Ubelgiji na Ufaransa, lakini bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Barabara kuu za Ubelgiji gari dogo halilipi; Ufaransa kuna péage, malipo ya barabara, kama ya njia ya Likasi, ila ghali zaidi. Vijijini, anayetokea kulia anapita kwanza hata kama anatoka kinjia kidogo, isipokuwa kibao kiseme vingine. Kijana analijua, ni wewe uliyeketi mbele usimpigie kelele.