Uzamivu wa Maendeleo ya Jamii: Anza na Swali Linaloweza Kujibiwa "Hapana"

Wiki hii msomaji mmoja, afisa maendeleo ya jamii wa kata, ameandika akiomba nimwangalizie kichwa cha pendekezo lake la uzamivu: "Mchango wa VICOBA katika Kupunguza Umaskini", kisha jina la wilaya. (VICOBA ni vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana.) Ana shahada ya uzamili, ana uzoefu wa vikundi, na ada ya mwaka wa kwanza ameshaiweka pembeni. Anauliza jambo moja tu: awahoji watu wangapi? Namjibu hapa, kwa sababu wengi huuliza hivyo hivyo, na kwa kuuliza hivyo wanakuwa wameanzia mwisho.

Kabla ya idadi ya watu kuna neno "mchango". Kichwa cha namna hiyo kimeshatoa jibu: VICOBA vinachangia, kilichobaki ni kuhesabu kiasi. Ripoti ya mradi inaweza kuanza hivyo, maana mfadhili anataka kujua fedha yake imefanya nini. Tasnifu haiwezi. Mtahini anatafuta jambo ambalo halikujulikana kabla yako, na jambo hilo huzaliwa na swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa hapana. Jipime hivi: chukua karatasi, andika matokeo mawili yanayopingana. Kama moja kati ya hayo mawili unaliona haliwezekani kabisa, basi bado huna swali, una imani. Imani ni nzuri kazini, lakini haitetewi mbele ya jopo.

Tubaki na VICOBA hivyo hivyo. Wanachama wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana, mzunguko ukiisha wanagawana. Jirani yao hayumo. Hataki, au hana fedha ya hisa ya kila wiki? Ukienda na dodoso ukakuta wanachama wana nyumba za bati na mbuzi wengi kuliko wasio wanachama, umegundua nini? Huenda VICOBA vimeleta bati. Huenda pia wenye bati ndio waliomudu kuingia VICOBA. Takwimu zako haziwezi kutenganisha hayo mawili, na hakuna kitufe cha SPSS, programu ya kuchambua takwimu, kitakachokusaidia baadaye. Tatizo hilo huondolewa kwenye mpango wa utafiti, kabla hujapanda basi kwenda kijijini, au haliondoki kabisa.

Kuna mtego wa pili, nao umejificha kwenye orodha. Hapa Tanzania, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi vya kijamii vya fedha vinatakiwa kusajiliwa katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Mtafiti anakwenda halmashauri, anapewa orodha ya vikundi vilivyosajiliwa, anachagua humo. Lakini kikundi kilichokufa hakirudi kuhuisha usajili. Kile ambacho mweka hazina alihama na sanduku hakimo. Kile kilichovunjika baada ya wakopaji watatu kushindwa kulipa hakimo. Ukichagua kwenye orodha ya walio hai peke yao, lazima utakuta vikundi vinafanya vizuri. Kwa hiyo omba orodha za miaka ya nyuma pia, miaka 4 au 5 hivi, kisha uvitafute vilivyotoweka. Kumpata aliyekuwa katibu wa kikundi kilichokufa ni kazi ya siku mbili tatu, na mara nyingi ndiye atakayekupa sura bora ya tasnifu yako.

Ukitaka mfano wa swali lenye nguvu, tazama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawanyo unajulikana: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Mwaka 2023 serikali iliisimamisha, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Wengi waliokuwa wakiandika pendekezo wakati huo waliliona hilo kama balaa. Mimi nasema ni nafasi ambayo mtafiti hawezi kujitengenezea mwenyewe. Tafuta halmashauri ambako vikundi viliomba, vikachambuliwa, vikapitishwa, kisha usimamishaji ukavikuta kabla ya fedha kutoka. Hao ndio wa kulinganishwa na waliopata muda mfupi kabla. Wote walikuwa na ari ya kuomba, wote walipita mchujo ule ule. Kilichowatenganisha zaidi ni tarehe. Uliza basi: wale waliokosa walifanya nini? Kama walikwenda kwa wakopeshaji wa mtaani na kuendelea vilevile, jibu lako linaweza kuwa hapana, mkopo wa halmashauri haukubadilisha mengi. Hapo una tasnifu.

Sasa idadi. Karibu kila pendekezo lina kanuni ya Yamane: chukua idadi ya watu wote, gawanya kwa 1 jumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa linalovumilika. Kwa watu 2,000 na kosa la 0.05 unapata 2,000 gawanya kwa 6, yaani 333. Hesabu ni sahihi, matumizi ndiyo yenye kasoro. Kanuni hiyo inachukulia kwamba umemchagua kila mtu kwa bahati nasibu kutoka orodha moja. Wewe hufanyi hivyo. Unachagua vijiji kwanza, kisha watu ndani ya vijiji, na watu wa kijiji kimoja wanafanana: mvua moja, mnada mmoja, mtendaji mmoja. Mtu wa ishirini wa kijiji kile kile hakupi habari mpya sawa na wa kwanza.

Fidia yake ni kuzidisha. Chukua idadi ya watu kwa kila kijiji, toa 1, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa watu wa kijiji kimoja (0 hawafanani kabisa, 1 wanafanana kabisa), jumlisha 1. Ukihoji 20 kila kijiji na kufanana ni 0.05, unapata 1.95, kwa hiyo 333 yako inakuwa 650, sawa na vijiji 33. Ukihoji 10 tu kila kijiji, kizidishi kinashuka hadi 1.45, unahitaji watu 483 katika vijiji 49. Watu wachache, nauli nyingi. Fanya hesabu hizo mbili na bei ya mafuta mkononi, kisha uamue. Mtu mwenye vijiji 4 na watu 83 kila kijiji hana sampuli ya 333 hata kama jedwali lake linasema hivyo.

Na kama lengo lako ni kulinganisha makundi mawili, Yamane hahusiki kabisa. Ili kuona tofauti kati ya asilimia 50 na asilimia 60 kwa uhakika wa kawaida unahitaji karibu watu 390 kila upande, kabla ya kizidishi cha vijiji. Huna fedha hiyo? Basi punguza swali, usipunguze sampuli kimyakimya.

Maneno ya dodoso yanastahili muda mrefu kuliko yanavyopewa. Tunaandika kwa Kiingereza, tunatafsiri usiku mmoja kabla ya safari, kisha tunashangaa majibu. Muulize mkulima "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani", atakuambia hana kipato, kwa sababu kwake kipato ni mshahara. Uliza alichovuna, magunia mangapi, aliuza mangapi, kwa bei gani, mwezi gani. Muulize kuhusu "maendeleo" ya kijiji, atakutajia barabara, zahanati na madarasa, vitu vinavyoletwa na serikali. Hatakutajia alichokifanya yeye. Neno "kushiriki" ndilo baya kuliko yote. "Ulishiriki katika mradi?" Ndiyo. Kumbe alitoa mchango wa mchanga, au alisaini mahudhurio, au alikuwepo tu mkutanoni. Ligawe: ulihudhuria? Ulisema jambo? Lilipopingwa ilikuwaje? Nani aliamua mwisho?

Kaya nayo ina ugomvi wake. Wanaokula chungu kimoja, ndiyo, lakini mume mwenye wake wawili na majiko mawili ni kaya ngapi? Amua kabla, andika kwenye mwongozo wa wadadisi, wote wafuate uamuzi mmoja. Mdadisi mmoja akihesabu moja na mwingine mbili, wastani wa mali kwa kaya umeharibika na hutajua kwa nini. Kisha jaribu dodoso kwa watu 20 hadi 30 katika kijiji ambacho hakimo kwenye sampuli, na ulitafsiri kurudi Kiingereza kwa mkono wa mtu asiyeiona nakala ya mwanzo.

Vibali: kwa mwanafunzi wa chuo cha Tanzania njia ya kawaida ni barua ya chuo, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji. Mtafiti wa kigeni anaanzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Masuala ya afya yanahitaji pia idhini ya maadili, na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndipo mahali pake kitaifa. Zanzibar ina utaratibu wake tofauti. Kwa wa Kenya leseni ya utafiti inatoka NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Tenga miezi 2 hadi 3, toa nakala za kila barua yenye muhuri, na usiruke ngazi hata kama mtendaji ni ndugu yako.

Kalenda ya mashamba inakuamulia tarehe. Mikoa ya kati yenye msimu mmoja wa mvua, usiende Januari. Watu wako shambani na barabara zimekatika. Juni hadi Septemba wanapatikana, ila kumbuka ghala limejaa: ukiuliza chakula cha siku 7 zilizopita utapata picha ya neema ambayo Februari haipo. Andika mwezi wa kukusanya data kwenye tasnifu na uujadili. Siku ya gulio usipange mahojiano, na msiba ukitokea kijijini, funga kishikwambi uende msibani.

Mdadisi mmoja anamaliza madodoso 4 au 5 ya saa moja kwa siku, si 10. KoboToolbox, programu ya kujaza dodoso kwenye simu au kishikwambi, inajaza bila mtandao; weka masharti ili umri wa 210 ukatae kuingia, na kila jioni pakia fomu ukiwa bado kijijini, ili kosa lirekebishwe kesho yake. Majadiliano ya vikundi yawe ya watu 6 hadi 10, wanawake wakae kundi lao peke yao, na mwenyekiti asiwepo hata kama amekuandalia kiti. Saa moja ya sauti inahitaji saa 5 au 6 za kuandika. Mijadala 12 ya saa moja na nusu ni saa 90 au zaidi za kazi hiyo, kabla hujaanza kuchambua, na ratiba za mapendekezo huisahau karibu daima.

Tenga pia fedha ya kurudi. Inaniuma kuona vijiji vinavyohojiwa kila mwaka bila kuambiwa chochote. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji akuingize kwenye ajenda wiki mbili kabla. Peleka ukurasa mmoja wa Kiswahili, bila majina ya watu, na katika kijiji chenye vikundi viwili tu, bila matokeo ya kikundi kimoja kimoja, maana kila mtu atajua ni kipi kilichoshindwa kulipa.