Maswali yenu kuhusu ugavi: mchezo wa bia, sukari ya 2024 na dawa za zahanati

Makala iliyopita ilimhusu Hau Lee, profesa wa biashara katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1997, yeye na wenzake V. Padmanabhan na Seungjin Whang walichapisha utafiti kuhusu athari ya mjeledi: mauzo ya dukani yakitikisika kidogo, oda za muuza jumla hutikisika zaidi, na za kiwanda zaidi tena, kama ncha ya mjeledi inavyoruka mbali ilhali mkono umecheza kidogo tu. Barua zimekuja nyingi. Nimechukua hizi.

Profesa hajawahi kupakia lori wala kukesha na kontena lililokwama. Atatufundisha nini sisi tulioko bandarini? (Wakala wa mizigo, Mombasa)

Kaka, takwimu za Lee zilitoka kwenye kampuni zenyewe. Procter & Gamble walikuwa wakishangaa nepi za Pampers. Watoto hawaamki siku moja wakatumia nepi mara tatu, na kweli mauzo ya madukani yalikuwa karibu tambarare. Lakini oda za wasambazaji zilipanda na kushuka, na oda za kampuni yenyewe kwa waliokuwa wakiiuzia malighafi zikayumba vibaya zaidi. Hewlett-Packard waliona hali ileile kwenye printa zao.

Kila mmoja katika mlolongo ule alikuwa hodari katika kipande chake, ila hakuna aliyekuwa ameona vipande vyote kwa pamoja. Wewe unaona makontena yakishuka, huoni kaunta ya duka la Kampala ambako mzigo unaishia. Kazi ya mtafiti ni kusimama mahali ambapo anaona pande zote mbili, na mahali hapo wengi wetu tulio kazini hatupati nafasi ya kusimama.

Shikamoo Mwalimu. Mhadhiri wetu ametumia kipindi kizima kutuchezesha "mchezo wa bia". Tunalipa ada ili tucheze? (Mwanafunzi wa ununuzi na ugavi, Morogoro)

Marahaba. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho kipindi utakachokikumbuka ukishahitimu.

Mchezo huo ulizaliwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, katika kundi la mtafiti Jay Forrester, na bado unachezwa katika vyuo vya biashara duniani kote. Mmoja ni muuza rejareja wa bia, wa pili muuza jumla, wa tatu msambazaji, wa nne kiwanda. Hawaruhusiwi kuongea, wanapitishiana karatasi za oda tu. Mzigo unaotumwa huchukua wiki kadhaa kufika. Kukaa na kreti ghalani kuna gharama, na kushindwa kumpa mteja kuna gharama kubwa zaidi.

Wiki za mwanzo kila kitu kimetulia. Kisha muuza rejareja anapungukiwa, anaongeza oda. Mzigo hauji upesi, anaongeza tena. Muuza jumla anaona oda zinafumuka, naye anaagiza kwa hofu. Baada ya hapo kiwanda kinazalisha kwa nguvu zote, na mzigo unapowasili hakuna anayeuhitaji. Ghala zinafurika, oda zinashuka hadi sifuri, watu wanatazamana kwa hasira.

Halafu mwalimu anawaomba wachezaji wachore jinsi wanavyodhani wateja walinunua. Nimeendesha mchezo huu darasani, na michoro huja na milima na mabonde. Ukweli ni kwamba mteja alinunua kreti 4 kwa wiki, akapanda mara moja hadi 8, akabaki hapohapo mpaka mwisho. Misukosuko yote waliitengeneza wenyewe, tena wakiwa watu wenye akili timamu.

John Sterman wa MIT alichambua tabia hii katika utafiti wa mwaka 1989. Aligundua kwamba wachezaji husahau kuhesabu mzigo ambao tayari wameuagiza na uko njiani. Wanaangalia rafu tupu, wanaagiza tena kilekile. Usitoke Morogoro bila hilo: kabla ya kuandika oda mpya, hesabu kilicho njiani.

Mwaka 2024 sukari ilipoadimika, nikiomba mifuko 10 napewa 5. Nikaanza kuomba 20 ili nipate 10. Nilikosea? (Mama mwenye duka, Tabora)

Mama, kwa upande wako ulifanya hesabu sahihi, na hapo ndipo penye tatizo. Mwanzoni mwa mwaka ule mvua kubwa zilivuruga uvunaji wa miwa, na sehemu nyingi kilo moja ilivuka shilingi 4,000. Maduka yalifanya kama wewe. Muuza jumla akijumlisha oda za maduka hayo anaona njaa ya sukari isiyokuwepo, anaipeleka taarifa hiyo juu, na bei inazidi kupanda kwa sababu ya mifuko ambayo hakuna mlaji aliyeiomba. Sukari ikirudi, oda zile hewa zinafutwa siku moja na mtu anabaki na ghala limejaa.

Lee na wenzake waliitaja tabia hii kama moja ya sababu nne za mjeledi. Nyingine ni kukisia mahitaji kwa kutazama oda badala ya mauzo, kuagiza kwa mkupuo ili lori lijae, na bei za ofa zinazowafanya watu walimbikize.

Dawa yake iko mikononi mwa muuza jumla kuliko mwako. Wakati wa uhaba, agawe kulingana na ulichonunua miezi iliyopita, asiangalie unachoomba leo. Kampuni ya magari ya General Motors walikuwa wakigawa hivyo. Siku hiyo utaacha kuomba 20, maana hazitakusaidia. Ningependa sana wauzaji wa jumla wetu wajaribu hili kabla ya uhaba mwingine.

Hesabu za kozi ya ugavi ni ngumu? (Kidato cha sita, Iringa)

Takwimu za wastani, mtawanyiko na uwezekano. Ukizielewa vizuri hizo, mengine yatafundishika.

Nashona sweta za shule. Kila Januari za shule moja zinaisha, za nyingine zinanibakia na mtaji umelala. (Fundi, Mwanza)

Hewlett-Packard walikuwa na shida yako. Printa za DeskJet zilitengenezwa Vancouver, jimbo la Washington, zikiwa tayari zimekamilishwa kwa ajili ya kila nchi, kisha zikasafiri kwa meli hadi Ulaya. Zikifika, za nchi moja zimezidi na za nyingine hazitoshi. Suluhisho, ambalo Lee alishiriki kulifanyia kazi, lilikuwa kusafirisha printa zinazofanana na kuweka waya wa umeme na kitabu cha maelekezo hukohuko Ulaya, oda zikishajulikana.

Kwako: shona mapema sweta za rangi zinazotumiwa na shule nyingi, bila nembo. Nembo idariziwe wazazi wanapoanza kuja. Kudarizi kwa haraka kutakugharimu kidogo zaidi, lakini utaacha kubahatisha ni shule ipi itakuwa na wanafunzi wengi.

Wilayani dawa zipo, zahanati yangu haina. Watafiti wana jibu? (Muuguzi, Kigoma)

Wanalo, na limejaribiwa kwa jirani. Zambia, kati ya 2009 na 2010, ililinganisha njia mbili kwa msaada wa Benki ya Dunia. Prashant Yadav, mtafiti wa ugavi wa dawa, alikuwa mmoja wa waliochambua matokeo. Katika njia ya kwanza ghala la wilaya liliendelea kutunza stoki. Katika ya pili maboksi yalifungwa kituo kwa kituo huko bohari kuu, na wilayani yakawa yanapita tu. Njia ya pili ilipunguza ukosefu wa dawa kwa kiasi kikubwa zaidi. Tanzania nayo, kupitia Bohari ya Dawa, ilihamia kupeleka dawa hadi kituoni.

Kuna jambo moja, dada, lililo ndani ya uwezo wako. Dawa ya malaria ikikosekana wiki tatu, leja itaonyesha umetumia kidogo mwezi huo, na anayekupangia mzigo ujao ataamini wagonjwa wamepungua. Kwa hiyo jaza siku ambazo dawa haikuwepo kila unapoandika fomu ya kuripoti na kuomba dawa, yaani R&R, na matumizi ya mwezi yakokotolewe kwa siku zile tu ambazo ilikuwepo.