Sikupiga kelele: je, nami nimezini?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Kisauni, Mombasa. Nimeposwa, na nusu ya mahari imeshalipwa. Mchumba wangu aliniita nikaione nyumba tutakayokaa, akasema dada yake yuko. Nilipofika hapakuwa na mtu, akafunga mlango. Nilimwambia sitaki, akaendelea. Kisha mwili ukaniganda, sikupiga kelele wala sikupigana naye. Adhana ya Alasiri ilikuwa ikisikika, nami nikawa nayafuata maneno yake moyoni. Nilipomweleza khala yangu, alisema hadithi iko wazi, idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake. Nijisitiri, harusi iharakishwe. Je, nimezini? Na ni lazima niolewe naye? Wiki ya tatu hii nashindwa kuswali, najiona najisi.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Hukuzini. Mwenye dhambi ya tendo lile ni mmoja, na si wewe. Rudi kwenye mswala wako leo hii. Josho linalokupasa ni lile la janaba tu. Hapana josho la kuosha dhambi ya mtu mwingine.

Katika hukumu hii wanavyuoni hawakugombana. Surat Nur, aya ya 33, inawataja wanawake waliolazimishwa, na msamaha wa Mwenyezi Mungu ukawafikia wao, si waliowalazimisha. Bukhari amepokea kisa cha mtumwa aliyemlazimisha kijakazi: Sayyidna Umar alimchapa mtumwa na kumhamisha mji, na yule kijakazi hakumgusa, kwa kuwa alilazimishwa. Na Imam Tirmidhi anasema ndivyo wanavyoamua watu wa elimu: aliyelazimishwa hana adhabu.

Lililonikosesha usingizi ni hiyo hadithi aliyokutajia khala yako. Si yeye peke yake. Nimeisikia barazani kwa watu wazima wenye kofia nzuri. Hadithi ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Lakini isomwe yote. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema bikira haozwi mpaka atakwe idhini. Masahaba wakauliza, idhini yake vipi? Akajibu, anyamaze. Basi huko bikira ameulizwa kwanza. Ameulizwa nyumbani kwao, na watu wake, juu ya nikaha, na lililomfunga mdomo ni haya. Nyinyi mnaoitaja hadithi hii mmeichukua mpaka kwenye chumba kilichofungwa ufunguo, kwa mwanamke ambaye hata hakunyamaza, ameshasema sitaki! Kijana akiwekewa kisu shingoni pale kivukoni Likoni, akaachia simu bila ya kutoa sauti, nani kati yenu atasema amemzawadia mwizi? Hofu hugandisha viungo. Madaktari wanaowatibu waliotendewa haya wanaijua hali hiyo, na wengi wao hawakuweza kupiga kelele.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye fiqhi, tuingie sawasawa. Sisi Mashafii, watu wa madhehebu ya Imam Shafii, tunasoma vitabuni kwamba baba anaweza kumwoza binti bikira bila kumuuliza, na najua huko ndiko mazungumzo ya nyumbani kwenu yanakoelekea. Lakini vitabu hivyohivyo vimeweka masharti, mojawapo pasiwe na uadui baina ya binti na huyo mume. Tena Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, anasema ubikira ukishaondoka, iwe kwa halali au kwa haramu, mwanamke haozwi ila aseme mwenyewe kwa ulimi wake. Kwa hiyo hata anayeng'ang'ania kitabu, kitabu kimemkatalia: kwako wewe sasa, kunyamaza hakutoshi hata kwenye nikaha.

Watasema, alifuata nini kule? Sitakuficha, khalwa, yaani mwanamume na mwanamke wa kando kukaa faraghani peke yao, haifai, na posa si ndoa. Mpaka akdi ifungwe yule ni mwanamume wa kando. Lakini wewe uliambiwa dada mtu yuko. Na hata ungekwenda ukijua hayuko, ungetubia khalwa, basi. Kuvuka mlango hakumpi mtu mwili wako. Wengine huuliza mavazi. Sitapoteza wino, kwa mji huu ambao wanaodhulumiwa wengi wamevaa buibui.

Ama sitara, ni ya aliyeteleza baina yake na Mola wake. Dhalimu hasitiriwi akapata wa pili. Surat Nisaa, aya ya 148, inasema Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, ila kwa aliyedhulumiwa. Wanaokuambia ulete mashahidi wanne wamechanganya: mashahidi wanne ni wa hadd, yaani adhabu ya zinaa iliyowekwa na sheria ya dini, na aya yao ilishuka kuwalinda wanawake na ndimi za watu.

Sheria ya nchi yetu ya Kenya nayo, ile ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, inasema ameridhia yule aliyekubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Kifungo cha kubaka hakipungui miaka 10. Hii ni jinai, kwa hiyo kwa Kadhi si mahali pake, wala wazee wa mtaa hawana mamlaka ya kuimaliza kwa chai na kuombana radhi. Kushitaki au kutoshitaki ni uamuzi wako, na usiharakishwe na mtu.

Hospitali, hata hivyo, nenda. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa ndani ya saa 72. Kwako zimepita, nazitaja kwa binti mwingine atakayesoma hapa, naye asioge kabla hajaonwa na daktari, na nguo azitie kwenye mfuko wa karatasi. Wewe unahitaji vipimo na mtu wa kuzungumza naye. Hospitali kuu ya Makadara wanawapokea wenye jambo hili, na matibabu yake ni bure. Ukiogopa kutoka, namba 1195, ya kuwasaidia waliotendewa haya, hupigwa bila malipo.

Posa irudishwe. Mwambie mama yako kwanza, umwache khala kwa sasa. Baba akisita, mwonyeshe jibu hili, au mje naye msikitini baada ya Isha, nitamsomea Minhaj mwenyewe.

Wallahu aalam.