Mfalme wa Uswidi hana hata saini

Ndugu, unasema wafalme wa Skandinavia wote ni walewale, kazi yao kutia saini tu. Wa Uswidi hata hiyo saini hana! Katiba ya 1974, iliyoanza kutumika 1975, ilimpokonya: Spika ndiye anayependekeza waziri mkuu, Bunge linapiga kura, na sheria hazipiti mezani kwa mfalme. Amebakiwa na kufungua Bunge, kupokea mabalozi na kuongoza baraza la ushauri wa mambo ya nje. Si haba, lakini si madaraka. Denmark na Norway ndiko saini ya mfalme ingalipo, ila waziri naye lazima asaini. Norway hoja ya kufuta ufalme na kuwa jamhuri hurudi bungeni mara kwa mara, na huangushwa kwa kura nyingi.